Kwilti sio viraka, na Tomi sio mchafu: yale ninayoambiwa kila siku hapa Tabata

Jana mchana nimekaa barazani napiga bandi, yaani mishono ya mkono, kwenye kwilti ya mteja, mbwa wangu Tomi kalala miguuni, akapita jirani yangu na ndoo yake ya maji akasimama akatazama weee, halafu akaniambia "shoga, hivi bado tu unaunga viraka?" Hakusema kwa ubaya, ni mtu tunaazimana chumvi, ila hilo swali nimeshaulizwa kwa namna zote, na la mbwa nalo naulizwa kila siku, kwa hiyo leo naandika yote kwa mkupuo.

Tuanze na hilo la viraka maana ndilo linaloniuma zaidi. Kiraka unaweka pale nguo ilipotoboka. Kwilti haijatoboka popote jamani, ni kitu kipya kinachotengenezwa kuanzia mwanzo, na ina matabaka matatu: juu vipande vilivyoungwa, katikati pamba, chini bitana, halafu unashona kupitia yote matatu ili pamba isihame ikajikusanya kona moja. Huo mshono wa mwisho ndio unaoifanya iwe kwilti, usipoupiga unabaki na shuka ya vipande tu. Kwenye kamusi utakuta neno mfarishi, ila nenda Kariakoo ukaulizie mfarishi uone watakavyokutazama, sisi wenyewe tunasema kwilti na tunaelewana.

Na watu wanadhani unaokota tu vipande chini ya meza ya fundi unaunganisha unavyojisikia. Mi nakuonyesha hesabu. Kitanda cha tano kwa sita mtu anataka kwilti ya futi sita kwa saba ili ianguke pembeni, hiyo ni inchi 72 kwa 84. Ukiamua kila kipande kikishashonwa kionekane inchi 4, unahitaji vipande 18 kwenda upana na 21 kwenda urefu, yaani vipande 378, na kila kimoja unakikata inchi nne na nusu kwa sababu mshono unakula robo inchi kila upande. Robo inchi ni kama milimita 6. Sasa wewe mkono ukikuzidi milimita moja tu, ukashona saba badala ya sita, kila mshono unakuibia milimita 2, na mstari wa vipande 18 una mishono 17, kwa hiyo ule mstari unakuwa mfupi kwa milimita 34, sentimita tatu na ushee, na mstari wa pili ambao ulishona ukiwa umetulia haujapungua, ukija kuviunganisha hivi viwili kona hazikutani na hamna pasi itakayokuokoa, ni kufumua. Nimefumua sana. Fundi wa gauni anaweza kuachia kidogo hapa akabana pale, mwili wa mtu unasamehe, ila mraba hausamehi.

Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona bei kubwa wakati blanketi la dukani rahisi" namwelewa, hajaona wiki saba ninazoishonea. Kuna mama mmoja Marekani anaitwa Harriet Powers, alizaliwa utumwani kule Georgia mwaka 1837, akashona kwilti ya visa vya Biblia, vipande vyake vimekatwa umbo la watu na wanyama, na shida ilipombana akaiuza, alitaka dola 10 akapewa 5. Hiyo kwilti leo iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Washington. Namkumbuka kila nikikaa na mteja anayenishusha.

Na hapo hapo nijibu lile la "hayo mambo ya wazungu". Harriet Powers alikuwa mwanamke mweusi. Wale akina mama wa Gee's Bend kule Alabama, waliokuwa wanashona kwilti kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za shamba zilizofubaa magotini, ni weusi pia, na mwaka 2002 kwilti zao zilitundikwa ukutani kwenye jumba la sanaa la Whitney, New York, na 2006 zikatolewa stempu za posta za Marekani. Lakini wanaonigusa mimi zaidi ni Wasidi wa India, kule Karnataka. Hawa ni uzao wa Waafrika waliovushwa bahari enzi za utumwa, wengi kutoka mwambao wetu huu wa mashariki. Wanawake wao wanashona kwilti zinaitwa kawandi, kwa mkono, bila mashine, chini wanaweka sari ya zamani na juu vipande vya nguo chakavu, na hawaungi kwanza halafu wakashona kama ninavyofanya mimi, wao wanaanzia pembeni wanazunguka kuelekea katikati, bandi juu ya bandi, mpaka wanafunga kati. Kwenye kona wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa pembetatu wanaviita phula, maana yake maua, na kwilti isiyo na phula wanasema iko uchi. Niliposikia hiyo habari nilikaa kimya muda mrefu. Tangu hapo kila kwilti yangu ya mtoto mchanga naiwekea phula kona zote nne.

"Dar na joto hili nani ajifunike mikwilti?" Hili nalo. Kinachokuchemsha ni kilichowekwa ndani, sio kwilti yenyewe. Ukiweka ile poliesta nene ya kwenye makoti ya baridi lazima utoke jasho, haifyonzi. Ukiweka pamba nyembamba, au hata shuka kuukuu la pamba katikati, unapata kitu chepesi kinachofyonza jasho, na kipupwe kikija, Julai usiku joto likishuka nyuzi 19 hivi na feni inazunguka, utakitafuta mwenyewe. Halafu wateja wangu wengine wapo Njombe, Makete, Lushoto, huko kwilti nene sio urembo, ni lazima. Ila msiweke sufi ndani, naomba sana. Sufi ni nzuri kwenye mto, babu zetu walilalia, lakini nyuzi zake fupi na zinateleza, ukifua mara mbili inajikunja mabonge halafu inachungulia kwenye mishono.

Sasa chumvi. Hapa ndipo wengi mnapopoteza nguo, na mimi nilipoteza. Kila nyumba Dar kanga mpya inalowekwa kwenye maji ya chumvi "rangi ishike". Haishiki. Chumvi ina kazi yake kule kiwandani wakati kitambaa kinatiwa rangi, inasaidia rangi iingie kwenye nyuzi, lakini kanga ikishatoka kiwandani, rangi iliyobaki inaelea juu haina mahali pa kwenda, chumvi yako haitaigundisha. Dawa ni kuifua peke yake, maji safi, tena na tena mpaka maji yatoke meupe, halafu unalowanisha kitambaa cheupe unasugua, kikitoka safi ndio unakata. Mara ya kwanza niliamini chumvi, nikaunga vipande vyekundu na vyeupe vya doti moja nzuri sana ya Kariakoo, mteja akafua, akanirudishia kitu cha waridi chote. Nilimshonea nyingine. Kufua kabla kuna faida nyingine pia, pamba inarudi, yaani inajivuta ikapungua, na kila kitambaa kinarudi kwa kiasi chake, bora kirudie kwenye ndoo yako kuliko kwenye kitanda cha mteja.

Na muuzaji akikuapia kitenge ni pamba tupu omba ncha ya uzi uichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na majivu yake laini, poliesta inayeyuka inaacha kidonge kigumu.

Cherehani haihitaji kuwa la kisasa. Langu ni la miguu, jeusi, linapiga mshono mmoja tu ulionyooka na ndio huo huo ninaoutaka, umeme ukikatika naendelea.

Kanga nazo watu wanaogopa, wanasema ukikata kanga ya marehemu umeikata na heshima yake. Mi naona inategemea unavyokata. Kanga ina pindo linalozunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno pale chini. Ukiigawa miraba tu kichwa kichwa umekata maneno vipande vipande na hapo ni kweli umeharibu. Sasa hivi nina kwilti ya dada mmoja wa Temeke, kaleta kanga tisa za mama yake aliyefariki. Nilizitandaza sakafuni zote kwanza nikazisoma moja moja kabla ya kugusa mkasi. Majina nayatoa marefu mazima, kila moja kama mkanda, ndio yatazunguka ukingo wa kwilti, miji ndio nakata miraba. Kanga moja imefubaa sana pale kiunoni alipokuwa anaifunga, kitambaa kimekuwa chepesi kama tishu, dada akasema kitoe hicho, nikamwambia hapana, nimekipigia kitambaa cha pamba nyuma kikapata nguvu na nimekiweka katikati kabisa.

Haya, Tomi. Ni mbwa koko, nilimtoa chini ya meza ya muuza nyanya sokoni akiwa mdogo, rangi ya udongo na sikio moja limelala. La kwanza ninaloambiwa ni "Uislamu umekataza mbwa, utapoteza wateja". Wateja wangu wengi ni Waislamu na nimekaa nao tumeongea vizuri tu. Kufuga mbwa wa ulinzi, wa kuwinda au wa mifugo kunaruhusiwa. Kinachotazamwa ni unajisi, na kwa watu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi pwani hii, mbwa akilamba kitu au akakigusa na majimaji, kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Kwa hiyo nina utaratibu: vitambaa vya wateja viko chumbani kwenye sanduku la plastiki lenye mfuniko, Tomi mwisho wake kizingiti cha chumba hicho, kwilti yoyote ya barazani inakaa juu ya meza, na mteja namweleza hayo kabla hajaacha kitambaa chake. Hakuna aliyewahi kuondoka.

Wanasema mbwa haoni rangi, anaona nyeusi na nyeupe. Anaona, ila sio zote, bluu na njano anazipata vizuri, nyekundu na kijani zinamchanganya. Nilimshonea mpira wa kitenge chekundu, nikiutupa kwenye majani anautafuta kwa pua mpaka huruma, nikashona wa bluu akaukimbilia moja kwa moja. Na kichaa cha mbwa hakiletwi na jua kali, ni kirusi, kinapita kwenye mate, mbwa anachanjwa kila mwaka hata kama hatoki getini, na ukiumwa osha kidonda kwa maji na sabuni dakika 15 nzima kisha kimbia hospitali, usisubiri kuona mbwa atakuwaje.

Lakini la hatari kuliko yote kwa sisi wenye nyuzi ndani ya nyumba ni hili: "akimeza uzi atautoa mwenyewe, ukiuona unaning'inia nyuma uvute." Mwaka juzi Tomi alikula uzi, kipande kirefu cha bandi nilichofumua nikakiacha sakafuni nikaenda kuangalia maharage jikoni. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili anatapika povu, amekunja mgongo, na nyuma kweli uzi mweupe umechungulia kama kidole. Watu wawili waliokuwepo wakaniambia vuta tu huo. Nilishaushika kabisa, namshukuru Mungu nikauachia nikampigia daktari wa mifugo, akanipigia kelele kwenye simu, usivute, usivute, mlete. Alinieleza baadaye nikaelewa mara moja kwa sababu ni kazi yangu mwenyewe. Uzi ukinasa tumboni na mwisho wake umeshafika kwenye utumbo, utumbo unajikusanya juu ya ule uzi kama kitambaa kinavyojikusanya ukivuta uzi wa marinda. Ukivuta zaidi unakaza marinda, na uzi uliokazwa unakata nyama kama unavyokata siagi. Walimpasua. Daktari alinionyesha ule uzi kwenye kisahani cha chuma, robo tatu ya mita hivi, ule ule wa pamba nyeupe ninaoununua kila wiki. Nililia pale pale.

Kwa hiyo sasa uzi wowote unaofumuliwa unaingia kwenye chupa ya maji yenye kifuniko iliyofungwa kwenye mguu wa cherehani, hauanguki chini hata dakika moja. Na sindano nazihesabu. Ziko 12 kwenye kimto cha kuchomekea sindano, asubuhi 12, jioni 12, Tomi haingii ndani mpaka zitimie. Jana zilikuwa 11. Nilizima feni, nikapiga magoti na tochi ya simu, nikapitisha sumaku sakafu nzima, jirani yule wa ndoo akasikia nahangaika akaja kunimulikia na yake, na ilipata saa nne na nusu usiku ndipo akaiona yeye, imechomekwa kwenye ukingo wa kwilti ya kanga, pale pale nilipoishia kushona.