Macho makavu: dawa ya polepole mnaitupa, ya fasta mnaing'ang'ania

Kiangazi kikishaingia Tabora na vumbi lake, kila mtu anakuwa daktari wa macho. Sa ngoja tuyapitie haya maneno ya vijiweni.

"Macho yanamwaga machozi, ukavu unatoka wapi?" Unatoka hapohapo. Jicho likikauka linawashwa, linajibu kwa kumwaga maji mengi ambayo hayakai, yanateremka shavuni af jicho linabaki linakwaruza vilevile. Waendesha boda mnanielewa.

"Matone ya kulainisha yanatosha." Kwa wengine kweli yanatosha. Ila ukavu ukikaa sana jicho linavimba ndani kwa ndani, uvimbe huo unaharibu tezi za machozi, machozi yanapungua, ukavu unazidi, na mzunguko unaanza upya. Hapo kulowesha tu hakusaidii sana, inatakiwa dawa ya kutuliza uvimbe wenyewe.

Na hapa ndo penye vita. Kuna siklosporini, matone ambayo Marekani waliyaruhusu 2002 kwa ajili ya macho makavu, asilimia 0.05, asubuhi na jioni. Watu wakisikia ni dawa ya waliopandikizwa figo wanakimbia, wakati ile ya jichoni inayoingia kwenye damu ni kidogo mno, mara nyingi hata kipimo hakiioni. Inachoma mwanzoni, sikufichi. Na inachelewa, miezi mitatu mpaka sita ndo matunda yanaonekana vizuri, yani mtu anatumia wiki mbili, inamchoma, haoni kitu, anatangaza mtaa mzima kwamba ni feki! Ipo na lifitegrasti, matone mengine ya kutuliza uvimbe yaliyoruhusiwa Marekani 2016, hiyo usishangae ukisikia ladha mbaya mdomoni, jicho lina njia ya kwenda puani na kooni.

Sasa ile mnayoipenda, "nilipewa famasi, siku mbili jicho jeupe peee". Mara nyingi hiyo ina steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe haraka, kama deksamethasoni. Sio sumu, madaktari wenyewe wanaitumia, mara nyingi kwa muda mfupi, wiki mbili hivi, wakisubiri ile ya polepole ishike. Shida ni wewe unayejinunulia kichupa baada ya kichupa. Presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote, uono ukishaliwa na presha haurudi, na mtoto wa jicho anaweza kuja mapema. Halafu mtu katoka kuvuna mpunga Igunga, jani limemkwaruza jichoni, kumbe fangasi wameshaingia kwenye kioo cha jicho, anaweka steroidi... hapo kawalisha fangasi.

"Asali ya nyuki wadogo inatibu macho." Najua nagusa pabaya, mkoa wetu huu ni wa asali. Asali mbichi haijatakaswa vijidudu, na ule unafuu unaousikia huenda ni machozi tu yaliyokuja sababu imekuchoma. Wekeni kwenye chai jamani.

Vile vidonge vya aleji navyo vinaweza kuzidisha ukavu, kwa hiyo mtaje daktari kama unavimeza. Ukienda hospitali ya mkoa pale Kitete beba vichupa vyote ulivyowahi kutumia, hata vilivyoisha, wasome lebo waone kama kulikuwa na steroidi, na uombe presha ya jicho ipimwe siku hiyohiyo.