Mkono haukuua mashine: dhana potofu kuhusu kompyuta inayozima ukichomoa kifaa

Kwenye meza yangu ya ufundi hapa Mwanjelwa, Mbeya, wateja wengi huanza kwa kujitetea. "Fundi, mimi nimechomoa modemu tu." Mwalimu mmoja alipanda gari kutoka Tukuyu, laptopu kaifunga kwenye kitenge isilowe, akayasema hayo mara tatu kabla sijaiwasha. Jirani yake alishamwambia ameiua, na bei ya mpya alishaanza kuiulizia. Mashine ilikuwa nzima. Kilichoanguka ni kerneli, ile programu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu na kuongea na vifaa. Ikianguka, kwenye Windows unaona skrini ya bluu; kwenye Linux unaona maandishi mengi, au mashine inaganda kimya.

"Nimechomoa vibaya, kosa ni langu"

Hapana, mwalimu. USB ilipotoka mwaka 1996 ilisanifiwa ichomekwe na kuchomolewa huku mashine inawaka. Chungulia kwenye kichwa cha ule waya mpana: vibati viwili vya pembeni, vya umeme, ni virefu kuliko viwili vya katikati vya data. Ukichomeka, umeme unatangulia kufika. Ukichomoa, data inatangulia kukatika. Waliosanifu walijua kuna siku mtoto atajikwaa kwenye waya.

Unachoweza kuharibu kwa mkono wako ni faili. Flashi ikichomolewa katikati ya kunakili, kinachoandikwa kinakatika nusu. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809, la mwaka 2018, flashi huwekwa katika hali ya kuondolewa haraka, yaani maandishi hayalimbikizwi kumbukumbuni yakisubiri, lakini hata hapo ngoja kunakili kuishe. Ukichomoa diski yenye mfumo endeshi wenyewe, hapo ndiyo, umekata tawi ulilokalia. Na zile poti za mviringo za PS/2 za kibodi na mausi za zamani hazikusanifiwa kuchomolewa mashine ikiwaka. Nje ya hayo, kerneli ilipaswa kuvumilia.

Wala si balaa la sisi wa mikoani. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya kompyuta ya Comdex mjini Chicago, Microsoft walikuwa wakiionesha Windows 98 mbele ya umati. Msaidizi wa Bill Gates akachomeka skana, skrini ikageuka bluu palepale. Gates akatania kwamba ndiyo maana bado hawajaanza kuiuza. Yule alichomeka, mwalimu wangu alichomoa, lakini jukumu la kerneli ni lilelile: kifaa kije au kiondoke, isianguke.

"Imezima kwa sababu kifaa hakipo tena"

Kukosekana kwa kifaa hakuiangushi kerneli. Inaangushwa na draiva, yaani programu inayohudumia kifaa hicho ndani ya kerneli, inapoendelea kufanya kazi kana kwamba kifaa kipo.

Chukua soko letu. Mama anauza viazi kizimba namba 14. Asubuhi amewatuma vijana watatu wakamletee magunia stendi. Saa nne anarudisha kizimba, uongozi unampa muuza nyanya. Saa tano kijana wa kwanza anatokea, hajui lolote, anabwaga gunia la viazi palepale alipoelekezwa. Nyanya zinapondeka, na ugomvi unaanza kati ya watu ambao hawana kosa.

Kizimba ni kipande cha kumbukumbu, na vijana ni kazi ambazo draiva ilishaziagiza: maombi ya data yaliyo njiani, saa iliyotegwa ilie baada ya sekunde mbili, programu iliyofungua kifaa na bado inakisoma. Kifaa kikichomolewa, draiva mbovu hurudisha kumbukumbu haraka na kuwasahau waliotumwa. Sehemu ileile inapewa kazi nyingine, kisha anatokea aliyechelewa na kuandika juu yake. Mara nyingine hapaangukii kitu, mara nyingine mashine nzima inalala. Ndiyo maana mteja huapa kwamba jana alichomoa na haikufanya hivi.

"Ilianguka nilipofunga programu, kwa hiyo programu ndiyo mbovu"

Hii inawapoteza hata wasomi. Mwanafunzi wa chuo kimoja hapa mjini alikuwa akiandika draiva ya Linux kwa ajili ya kipima unyevu wa udongo kinachotumia USB. Alikuja amechoka. Akichomoa kifaa, hakuna kinachotokea. Akifunga programu yake ya kusomea, baada ya dakika moja au kumi, mashine inaanguka. Wiki mbili alikuwa akiirekebisha programu ya kusomea.

Tukafungua draiva. Alikuwa ameomba kumbukumbu kwa devm_kzalloc, njia inayopendwa kwa sababu kerneli inafanya usafi yenyewe. Tatizo ni wakati wa usafi huo: unafanyika draiva inapoachana na kifaa, yaani mara tu baada ya kuchomoa. Programu ya kusomea ilikuwa bado imeshika faili la kifaa, na ndani ya faili hilo mna kielekezi, yaani anwani, cha kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Kufunga faili kukawa ndiko kubwaga gunia kwenye kizimba cha mtu.

Alikuwa na utetezi mzuri, nampa haki yake. "Kaka, si moduli haiwezi kuondolewa wakati inatumika?" Moduli ni kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kerneli, kama draiva yake. Kweli, kerneli huhesabu watumiaji wa moduli na kukataa kuiondoa. Ila hesabu hiyo inalinda msimbo wa draiva tu. Hailindi taarifa za kifaa, na haiwezi kuuzuia mkono usichomoe waya. Akajaribu njia ya pili: aangalie kwanza kama kifaa kipo, ndipo akitumie. Nayo ina tundu, maana kati ya kuangalia na kutumia, kifaa kinaweza kuondoka. Kuangalia na kutumia lazima viwe ndani ya kufuli moja, yaani zamu ambayo ni mmoja tu anayeishika kwa wakati, na anayechomoa apite kwenye kufuli hilohilo.

Dawa yenyewe ina mpangilio, na mpangilio ndio kila kitu. Kifaa kikiondoka, draiva kwanza iweke alama, ndani ya kufuli, kwamba hakipo; kuanzia hapo kila anayekuja arudishiwe jibu la ENODEV, yaani "kifaa hakipo". Kisha iwaamshe waliolala wakisubiri data, isimamishe maombi ya USB yaliyo njiani kwa usb_kill_urb, ifute kazi zilizopangwa kwa cancel_work_sync, ambayo husubiri iliyoanza imalizike. Kumbukumbu haiguswi bado. Inaachiwa na mtu wa mwisho kutoka, kwa hesabu ya kref: kila anayefungua anaongeza moja, kila anayefunga anapunguza, ikifika sifuri ndipo kizimba kinarudishwa.

Tulijenga kerneli yenye KASAN, mlinzi wa kumbukumbu aliyeingizwa kwenye Linux 4.0 mwaka 2015. Inapunguza kasi, lakini ukigusa kumbukumbu iliyorudishwa inakutajia nani aliiomba, nani aliirudisha na nani ameigusa. Zile wiki mbili zingekuwa nusu saa.

"Poti zote za USB zimeungua"

Nimeona mtu akitozwa hela ya mazabodi kwa hili. Kerneli ya Linux ikijikwaa hutoa taarifa iitwayo "oops", na mara nyingi haizimi; inaua ile kazi iliyojikwaa na kuendelea. Sasa, kazi ya kuondoa kifaa cha USB hufanywa na mhudumu yuleyule anayepokea vifaa vipya. Akifa akiwa ameshika kufuli, hakuna kifaa kitakachotambuliwa, poti zote zinaonekana maiti. Washa mashine upya kabla hujalipa.

"Ni virusi, ipigwe Windows upya"

Ukipiga Windows, unafuta ushahidi, kisha unarudisha draiva ileile iliyoangusha mashine. Kwanza fungua folda ya C:\Windows\Minidump usome taarifa ya anguko. Mara nyingi jina la faili la draiva limo humo. Tafuta toleo jipya la draiva hiyo, au iondoe kabisa ile programu iliyokuja na modemu. Kwenye Linux, amri ya journalctl -k -b -1 inaonyesha maneno ya mwisho ya kerneli kabla haijaanguka, kama yaliwahi kuandikwa diskini.

Kubofya "ondoa salama" ni tabia njema kwa ajili ya faili zako. Haitibu draiva, inaikwepesha tu siku hiyo.

"Hakuna aliyegusa, imezima yenyewe"

Mwezi wa sita husingiziwa baridi ya Mbeya. Kwa kerneli, poti iliyolegea au umeme uliopungua kwenye waya mrefu ni sawa na kuchomolewa. Poti ya USB 2.0 inatoa miliampia 500, na modemu hula zaidi ukiwa bondeni ambako mtandao unashika kwa shida, kwa sababu inapaza sauti ili isikike. Baadhi ya modemu hata hujiondoa zenyewe: zinaanza kama CD yenye programu, zinapotea, zinarudi kama modemu. Kwenye Linux, andika amri ya dmesg, utazame kama kuna mistari ya "USB disconnect" isiyo na mkono nyuma yake.

Kwa mwalimu ilikuwa draiva ya modemu ya miaka mingi iliyopita. Niliiondoa, nikaweka ya karibuni, nikamwambia achomoe mwenyewe. Aliogopa. Akachomoa huku amefumba macho.