Barua za ofisini: kirudishie kitenzi kazi yake

Nikipewa barua au tangazo la ofisi nihariri, kwanza natafuta vitenzi. Mara nyingi vimefichwa ndani ya majina: uhakiki, uwasilishaji, utekelezaji, na hata huyo “ufanyikaji”. Na kwa kuwa sentensi haisimami bila kitenzi, mwandishi huazima kilichochoka: kufanya, kuwa na, kuweza. Tazama tangazo la aina inayobandikwa kila siku:

“Ofisi inapenda kuwataarifu watumishi wote kuwa kutakuwa na zoezi la uhakiki wa vyeti vya taaluma ambalo litafanyika kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 7 Machi, hivyo kila mtumishi anatakiwa kufanya uwasilishaji wa vyeti vyake halisi katika ofisi ya utumishi.”

Mambo yenyewe ni mawili tu: ofisi itahakiki, mtumishi alete.

“Tutahakiki vyeti vya taaluma kuanzia tarehe 3 hadi 7 Machi. Kila mtumishi alete vyeti vyake halisi ofisi ya utumishi.”

Maneno 38 yamebaki 19, na hakuna taarifa iliyopotea. “Zoezi la” na ndugu yake “suala la” vifunike kwa kidole, kisha usome tena. Maana ikibaki ileile, futa. “Ili kuweza kufanikisha” ni “ili kufanikisha”, basi. Majina ya u- si haramu: kwenye “Kitengo cha Ukaguzi wa Ndani” yamekaa mahali pake. Balaa ni yakifuatana, kama “uboreshaji wa utekelezaji wa usimamizi wa miradi”.

Kauli ya kutendwa ina madhara mengine. “Taarifa itaandaliwa na kuwasilishwa kabla ya Ijumaa.” Na nani? Ijumaa ikifika kila mmoja anamtazama mwenzake. Andika: “Mhasibu aandae taarifa na kuiwasilisha kwa mkurugenzi kabla ya Ijumaa.”

Hata ukimtaja mtenda, ichunge “na”. “Mtumishi aliyehamishwa na mkuu wake”: mkuu ndiye aliyemhamisha, au wamehamishwa wote wawili? Kama ni wote, ongeza “pamoja”. Kama ni mkuu, sema “mtumishi ambaye mkuu wake alimhamisha”. Ngeli nazo husaidia pale tu zinapotofautiana. “Barua ya mtumishi iliyopotea” haina utata, lakini “mkuu wa mtumishi aliyehamishwa” inao, maana wote wawili wako ngeli moja.

Kuhusu amba-, wengi huitumia kila mahali. “Mtumishi ambaye atachelewa” ni “mtumishi atakayechelewa”, fupi na safi. Ila usiifute kwa hasira: kwenye ukanushi inabeba wakati. “Asiyefika” haisemi ni jana au kesho. “Ambaye hakufika” na “ambaye hatafika” zinasema.

Urefu wa sentensi usiupime kwa vipimo vya Kiingereza. Neno moja, “hatukuwalipa”, lina ukanushi, mtenda, wakati, mtendwa na kitendo. Nikipita maneno 20 hivi, natafuta pa kuweka nukta. Kisha nasoma kwa sauti. Pumzi ikikata kabla ya nukta, navunja tena.

Mwanzo wa barua ndio rahisi kuliko vyote. “Husika na kichwa cha habari hapo juu” ifute, msomaji amekwisha kukisoma. Ila kichwa chenyewe kiwe na habari. “YAH: KIKAO” hakisemi kitu; “YAH: KIKAO CHA TAREHE 12 JUNI KIMEAHIRISHWA HADI TAREHE 19 JUNI” kinamwezesha mtu kurekebisha ratiba yake kabla hajaisoma barua yenyewe.

Na saa, jamani. Kalenda ya kompyuta ikionyesha 9:00 ya asubuhi, wewe andika “saa 3:00 asubuhi”. Ukiinakili tu kuwa “saa 9”, wapo watakaofika alasiri, na watakuwa hawajakosea.