Ukali wa Kocha Msaidizi Unavyoingia Miguuni mwa Wachezaji

Katika kazi yangu ya kuandaa mazoezi ya timu za soka, nimezoea kusikia kocha msaidizi akisifiwa kuwa "mkali" kwa sababu tu anapiga kelele na kuwakimbiza wachezaji hadi wanatapika. Huo si ukali ninaouzungumzia. Ukali wenye faida hupimwa kwa muda unaopita kati ya mchezaji kupoteza mpira na mwili wake kuanza kuudai tena.

Tuitazame Liverpool ya mwaka 2018. Mwezi Aprili aliondoka Željko Buvač, msaidizi wa kocha mkuu Jürgen Klopp tangu enzi za klabu ya Mainz ya Ujerumani, na mwezi Juni akarejea Mholanzi Pepijn Lijnders, aliyekuwa ametoka kwa muda mfupi kuifundisha NEC ya Nijmegen. Msimu wa 2017/18 timu ilikuwa imefungwa mabao 38 katika ligi. Msimu uliofuata ilifungwa 22, ikapoteza mechi moja tu na kumaliza na pointi 97. Sitampa Lijnders sifa zote, kwani kipa Alisson na kiungo Fabinho walisajiliwa kiangazi hichohicho na beki Virgil van Dijk alikuwa ameshafika Januari. Hata hivyo, Klopp alimwachia sehemu kubwa ya kupanga na kuendesha mazoezi ya kila siku, na hapo ndipo msaidizi anapoibadili timu: kocha mkuu huchagua namna ya kucheza, lakini anayesimama katikati ya uwanja wa mazoezi ndiye anayeamua kama kosa la uzembe litapita au litasimamishwa papo hapo.

Zoezi ninaloliamini zaidi ni la wanne kwa wanne katika eneo dogo, mipira mingi ikiwa pembeni ili mchezo usisimame, kwa vipindi vya dakika tatu au nne na mapumziko ya kutosha katikati. Mapumziko hayo si anasa. Mbio kali za sekunde chache hutumia nishati iliyohifadhiwa ndani ya msuli, na akiba hiyo huhitaji dakika kadhaa kurudi. Ukiyakata mapumziko, wachezaji wataendelea kukimbia, lakini watakuwa wanajifunza kukaba wakiwa wamechelewa, na mwili hushika kile unachorudia. Vilevile, msaidizi mgeni anayetaka kuonekana tangu wiki ya kwanza huongeza kasi, muda na idadi ya mazoezi kwa mpigo, na misuli ya nyuma ya paja huanza kuchanika. Mimi huongeza kasi kwanza, huku nikipunguza muda.

Baada ya wiki kadhaa, badiliko huonekana kichwani kabla ya miguuni. Tarehe 7 Mei 2019, pale Anfield, Liverpool iliyokuwa imefungwa 3-0 na Barcelona katika mechi ya kwanza ya nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya ilikuwa sasa inaongoza 3-0. Katika dakika ya 79, Trent Alexander-Arnold aliuacha mpira wa kona kana kwamba anaondoka, kisha akageuka na kuupiga haraka, na Divock Origi akafunga bao la nne wakati mabeki wa Barcelona walikuwa bado hawajajipanga.