Samaki hakui kwa kipimo cha tangi

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Kigoma: eti samaki wa mapambo hukua kulingana na tangi, kwa hiyo nunua aina yoyote. Si kweli. Neon tetra, samaki mdogo wa mapambo, huishia kama sentimita 4 hata kwenye tangi la lita 500 lenye mimea tele. Bala shark, naye wa mapambo, huweza kufika sentimita 30. Dagaa na mgebuka, samaki mkubwa zaidi, wanaishi Ziwa Tanganyika lilelile, mbona dagaa hawi mgebuka?

Kinachochanganya ni kudumaa. Tangi dogo huchafuka haraka, samaki akakwama, pengine mgongo ukapinda, akafa mapema. Mwenye tangi anadhani samaki ametosheka na nafasi!

Kabla ya kununua, tafuta urefu wa samaki mzima wa aina hiyo. Wa dukani mara nyingi bado mchanga. Ujumbe ukikufikia, tafadhali usiusambaze.