Farasi-bahari hali mwani

Wiki hii nimepigiwa simu na mtu wa tatu aliyenunua farasi-bahari, akawajazia mwani tangini, kisha akakaa siku tano akisubiri waule. Hawakuula. Mmoja ameshakufa kwa njaa akiwa amezungukwa na majani. Nimechoka kulieleza jambo hili kwenye simu, tena maji yakiwa yameshamwagika.

Farasi-bahari ni mwindaji. Pua yake ni mrija wa kufyonzea vikamba vidogo, vizima vizima. Hana meno, hana tumbo la kutunzia chakula, kwa hiyo mpe mara mbili au tatu kwa siku. Aliyezalishwa tangini hula vikamba vilivyogandishwa. Aliyevuliwa baharini mara nyingi huvikataa. Nunua aliyezalishwa. Biashara ya kimataifa ya farasi-bahari wote iko chini ya CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2004, na kwa sababu nzuri.

Mwani ni wa kushika. Farasi-bahari haogelei vizuri, na siku yake nyingi huipitisha mkia ukiwa umejizungusha kwenye kitu. Ukikosekana mwani atashika waya wa pampu, au hita, na hita itamuunguza. Anataka tawi gumu kidogo, unene wa penseli au chini yake, linaloyumba naye bila kukatika.

Sisi tuliokulia Paje na Jambiani, Zanzibar, hukimbilia kotonii, mwani mnene wa mashambani. Mwani tumeuona ukilimwa pwani yetu tangu 1989, mama zetu wamesomesha watoto kwa mwani, na tawi la kotonii kweli limenona. Lakini mkulima anajua kwamba kotonii hutaka maji yanayotembea na jua kali. Farasi-bahari anataka maji ya upole. Ukiuweka kwenye tangi lake, tope hutua juu yake, ncha huwa nyeupe kama ule ugonjwa wa shambani, na siku chache baadaye vipande vinaelea. Spinosamu, mwani mwingine wa mashambani, ni mvumilivu zaidi, ila kwangu haujawahi kupita miezi miwili. Huenda taa zangu ni hafifu kwake; sijafikia hukumu.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, yaani mwani wa kijani uitwao Caulerpa. Kila muuzaji anaisifu: inakua haraka, inapendeza, inanyonya naitreti, ile chumvi itokanayo na uchafu wa samaki ambayo mwani huila. Yote kweli. Asichokwambia ni inavyokufa. Caulerpa nzima, na mashina yake yanayotambaa na majani yake yote, ni seli moja. Haina kuta za kugawanya sehemu hii na ile. Ikiamua kuzaa, kila kilicho hai ndani yake hugeuzwa mbegu na kumwagwa majini kwa mara moja. Jioni utaona majani yamepauka, yana mistari ya kijani kama wavu. Asubuhi maji ni maziwa ya kijani na mwani umebaki ganda tupu. Kinachofuata ni kuoza: oksijeni inashuka, amonia inapanda, na farasi-bahari wako wanatweta pembeni mwa kioo. Nimewahi kupoteza watatu kwa usiku mmoja namna hiyo, na naitreti yangu ilikuwa safi kabisa.

Wapo wanaoshauri taa iwake saa 24 ili isizae. Nimejaribu. Tangi moja lilikaa mwaka mzima salama, jingine likamwaga mwezi wa nne, na hadi leo sijaridhika kwamba taa ndiyo iliyofanya kazi. Kupunguza mara kwa mara naamini kunasaidia zaidi. Ng'oa shina refu zima badala ya kukatakata vipande, maana kila kipande kitaota pale kitakapotua. Msomaji aliye California asiiguse: Caulerpa taxifolia ilikutwa huko mwaka 2000, na hadi 2006 ndipo walipotangaza kuimaliza, kwa kuifunika maturubai na kumwaga klorini ndani. Popote ulipo, usitupe mabaki baharini wala mtaroni.

Halimeda, ile yenye vipande kama sarafu, ni ndugu yake na huzaa kwa staili hiyo hiyo, tena inamaliza kalisi ya maji yako. Chaetomorpha, kama stilwaya ya kijani, iweke kwenye tangi la chujio.

Kwa tangi la farasi-bahari wenyewe natumia Gracilaria nyekundu. Matawi yake yana ugumu unaofaa, huvumilia maji ya upole, na ikifa hufa tawi kwa tawi. Unaona, unakata, unatoa. Hilo ndilo ninaloangalia kwanza katika mwani wowote. Usiifishe njaa, basi. Anayejisifu kwangu kuwa naitreti yake ni sifuri ndiye huyo huyo anayeniuliza kwa nini Gracilaria yake inayeyuka.

Na usiitoe ufukweni ukaitia moja kwa moja tangini. Huja na kaa wadogo, minyoo na haidroidi, vijidudu vya jamii ya yavuyavu, zenye sumu ya kuwasha inayoua vifaranga vya farasi-bahari. Yangu hukaa kwanza wiki tatu kwenye ndoo ya maji ya bahari, yenye taa na pampu ya hewa, na kila siku tatu naikagua kwa tochi usiku, maana kaa hawajitokezi mchana.