Hempu, bangi na minyoo wa udongoni: yanayosemwa na yalivyo

Ng'oa mche wa mnyanya uliodumaa, ukung'ute udongo. Ukikuta mizizi imejaa vinundu kama shanga zilizotungwa, hiyo ni kazi ya minyoo fundo. Mkulima akifika hapo hushika ushauri wowote, na mmojawapo ni huu: panda hempu (aina ya bangi isiyolevya) au bangi pembeni, minyoo watahama.

Hawahami. Hempu yenyewe hushambuliwa na minyoo fundo, na mizizi yake huvimba vilevile. Unaweza kuwa umewaongezea chakula, tena kwa mmea ambao kuulima bila kibali ni kosa la jinai Tanzania na Kenya.

Dhana hii ilipata nguvu maabara. Ni kweli minyoo wachanga wakitumbukizwa kwenye maji ya majani ya bangi yaliyosagwa hulegea, na wengine hufa. Lakini kwenye kisahani mnyoo hana pa kujificha. Shambani, kanabinoidi, yaani kemikali maalumu za mmea huu, haziyeyuki vizuri kwenye maji. Hunata kwenye mboji, na vijidudu vya udongo huzivunjavunja. Mnyoo aliyekwisha kuingia ndani ya mzizi ndiyo kabisa hazimfikii. Mimi ningeweka nguvu kwenye kubadilisha mazao na mbegu zinazostahimili.

Wengine husema kinyume: mnyoo ni kiumbe duni, mambo ya bangi hayamhusu. Hapa ndipo ninapoomba tutulie kidogo. Mnyoo wa maabara aitwaye Caenorhabditis elegans ana urefu wa milimita 1 na seli za neva 302 tu, lakini mwili wake hutengeneza anandamidi, kemikali ileile iliyomo mwilini mwetu. Kwa binadamu, anandamidi hushika kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ujumbe wa kemikali) kiitwacho CB1, ambacho ndicho THC, kemikali ya bangi inayolevya, hukishika pia.

Mwaka 2023 kundi la Shawn Lockery wa Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani, lilitoa matokeo ya jaribio lao. Waliwaloweka minyoo kwenye anandamidi, kisha wakawaweka kwenye njia panda: huku bakteria wenye lishe bora, kule bakteria hafifu. Hata bila kulowekwa, minyoo hupenda chakula bora. Waliolowekwa walikikimbilia zaidi na kukaa nacho muda mrefu zaidi. Habari zikaenea kwamba minyoo wamevutishwa bangi. Si hivyo: anandamidi haitoki kwenye bangi, na minyoo hao hawakupumbaa wala kula ovyo. Walizidi kuchagua. Neva yao ya kunusa iliamka zaidi kwa harufu ya chakula bora, ikapoa kwa kile hafifu.

Minyoo waliokosa NPR-19, kipokezi chao kinachofanana na CB1, hawakubadilika hata walipolowekwa. Watafiti wakawapandikizia jeni ya CB1 ya binadamu, na walipolowekwa minyoo hao wakaanza tena kukimbilia zaidi upande wenye chakula bora.